Programu ya Barua Pepe Ipimwe kwa Mlango wa Kutokea

Tarehe 31 Desemba 2024 Microsoft ilisitisha programu yake ndogo ya Mail, ile iliyokuwa ikija bure na Windows 10. Hapakuwa na kishindo. Watu walirudi ofisini baada ya sikukuu wakaikuta ingali kwenye kompyuta, inafunguka, barua za zamani zinaonekana, ila haitumi wala haipokei. Pembeni ikawekwa njia ya kuwapeleka kwenye Outlook mpya. Wengi walibofya papo hapo kwa sababu kazi ilikuwa inasubiri. Kwa kubofya mara moja tu walikuwa wameamua barua zao zitakaa kwa nani na nywila zao zitapita mikononi mwa nani, na hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza.

Wanaoniuliza kuhusu programu ya barua pepe ya kompyuta huanza na sura: ipi nyepesi, ipi inapendeza, ipi inageuka nyeusi usiku. Mimi naanzia upande wa pili. Siku ukiichoka, au mwenye nayo akiichoka, utatokaje? Barua zako za miaka kumi zitatoka nzima, kwenye faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma, au utaziacha humo ndani? Ukishapata jibu la hapo, rangi na vitufe ni mambo ya kuzoea kwa wiki moja.

Sisemi hivi kwa kubahatisha. Mwaka 1988 Steve Dorner, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, aliandika programu ya Eudora. Baadaye ilihamia kampuni ya Qualcomm, na katika miaka ya tisini watu wengi waliojifunza barua pepe kwenye kompyuta binafsi walijifunzia humo. Mwaka 2006 Qualcomm ikatangaza kwamba inaachana nayo. Waliokuwa wakiitumia walisikitika, lakini barua hawakuzipoteza, kwa kuwa Eudora ilizihifadhi katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ya mtindo uitwao mbox, barua moja chini ya nyingine. Mafaili hayo yanasomeka hadi leo. Upande wa Microsoft, mtumiaji wa kawaida wa Windows amepitishwa Outlook Express, akapelekwa Windows Mail ya Vista, kisha Windows Live Mail, kisha Mail ya Windows 8 na 10, na sasa Outlook mpya. Namna ya kuhifadhi ilibadilika zaidi ya mara moja, na kila safari mzigo ulipungua njiani.

Kabla sijaendelea, kuna anayejiuliza programu ya kompyuta ni ya nini wakati Gmail ipo kwenye simu na kwenye kivinjari. Swali ni la haki. Kama una akaunti moja ya binafsi, unapokea risiti, matangazo na barua ya shule ya mtoto mara moja moja, huhitaji kitu kingine. Kaa na simu yako. Ninayemwandikia ni yule mwenye info@ ya kampuni, akaunti ya mradi fulani na Gmail yake ya tangu chuoni, anayefungua dirisha hili akifunga lile, na anayetakiwa leo mchana aonyeshe barua ya mteja ya mwaka 2019.

Halafu kuna suala la mtandao kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo, mwenye barua zake kwenye kivinjari tu hana barua. Gmail ina hali ya kufanya kazi bila mtandao, ndiyo, lakini ni kwa kivinjari cha Chrome, na unachagua ihifadhi siku 7, 30 au 90. Mkataba wa mwaka juzi haumo. Mwenye programu iliyoshusha barua kwenye diski anatafuta, anasoma, anafungua viambatisho, anaandika majibu, na majibu hayo yanasubiri kwenye kikasha cha kutoka mpaka mtandao urudi. Na hata siku za kawaida, kusoma PDF ileile mara tano kwenye kivinjari huweza kuwa ni kuipakua mara tano kwa bando lako. Kwenye diski umeipakua mara moja.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko jina la programu, na ambalo halizungumzwi hata kidogo dukani wala na fundi.

Ofisi nyingi ndogo za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi zina mpangilio unaofanana. Kampuni imenunua jina la tovuti, .co.tz au .co.ke, pamoja na nafasi kwenye seva ya kupanga, yaani kompyuta ya kampuni nyingine inayokodishwa kupitia mtandao. Humo zinakuja akaunti za barua, info, mauzo, uhasibu, kila moja na kikomo chake cha nafasi, na mara nyingi kikomo hicho ni kidogo. Fundi anakuja siku ya kwanza, anaunganisha kompyuta, anajaribu kutuma barua moja, anaondoka. Mahali fulani kwenye kuunganisha kwake aliulizwa achague POP au IMAP. Alichochagua hapo kitakuja kujulikana siku kompyuta ikiibwa.

POP inachukua barua kwenye seva na kuzileta kwenye kompyuta, na isipoambiwa vinginevyo inazifuta kule zilikotoka. Toleo lake la tatu, ambalo ndilo tunalotumia, liliandikwa mwaka 1988, enzi za kuunganisha kompyuta kwa waya wa simu dakika chache na kukata. IMAP inaacha barua kwenye seva, na kila kifaa kinaona kitu kilekile: ulichosoma kwenye simu kimesomwa na kwenye kompyuta, ulichotuma kinaonekana pote. Watu huiona IMAP kuwa mgeni wa juzi, kumbe Mark Crispin aliianza Stanford mwaka 1986, kabla ya hiyo POP ya tatu.

Kwa POP, barua zote za mhasibu ziko kwenye mashine moja. Na zile alizotuma yeye, ambazo mara nyingi ndizo ushahidi wa alichokubaliana na mteja, hazijawahi kukaa kwenye seva hata dakika moja. Diski ikifa zimekwenda. Kwa IMAP shida ni nyingine. Nafasi inajaa, kisha barua za wateja zinaanza kurudishwa kwa waliozituma na wewe hujui, mpaka mtu apige simu kuuliza mbona hujibu. Mara nyingi linalofuata ni mtu kuingia kwenye simu akafuta barua za zamani ili kupata nafasi, akidhani anafuta za kwenye simu tu. Zinafutika kote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya IMAP: vifaa vyote vione kitu kimoja, hata kama kitu hicho ni utupu. Anayesema “barua zangu zina nakala, ziko kwenye simu na kwenye kompyuta” hana nakala rudufu yoyote.

Viambatisho ndivyo vinavyokula nafasi. Barua pepe ilitungwa kubeba maandishi, hivyo faili lolote likiambatishwa hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na kugeuzwa huko huongeza ukubwa wake kwa karibu theluthi moja. Hati iliyoskaniwa ya MB 20 inasafiri ikiwa na MB 27 hivi. Ndiyo maana Gmail, yenye kikomo cha MB 25, inaweza kulikataa faili ambalo kwa macho yako lilikuwa chini ya kikomo.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: IMAP kwa barua za mwaka huu na uliopita, halafu barua za miaka ya nyuma zihamishwe kutoka kwenye seva kwenda kwenye folda za ndani ya kompyuta, na folda hizo zinakiliwe kwenye diski ya nje. Seva inabaki nyepesi, simu inaona barua za sasa, na kumbukumbu iko mikononi mwako. Programu yoyote inayofanya hivyo bila kukusumbua inastahili kufikiriwa. Inayokulazimisha kuacha kila kitu kwenye wingu la mtu, yaani kwenye seva zake za mtandaoni, au kukifungia ndani ya faili lisilosomwa na mwingine, ina maelezo ya kutoa.

Hapo ndipo Outlook inapoingia, na kwanza lazima tukubaliane tunaongelea ipi, maana jina hilo limebeba vitu vinavyotofautiana sana. Iko Outlook ya zamani, inayokuja na Office, iliyoanza na Office 97. Iko Outlook.com, ambayo ni huduma ya barua kwenye kivinjari. Na iko hii Outlook mpya ya Windows, iliyotangazwa kuwa tayari kwa wote mwezi Agosti 2024, ambayo kwa undani wake ni ile ya kwenye kivinjari iliyovalishwa dirisha lake yenyewe.

Outlook ya zamani nitaitetea. Kama mwajiri wako anatumia Exchange au Microsoft 365, huduma za Microsoft za barua na kalenda za ofisi, mikutano inapangwa kwa kalenda ya pamoja, ukumbi wa mikutano unawekwa akiba kupitia barua, na programu ya uhasibu inatuma ankara kwa kupitia Outlook, usijitese na kingine. Microsoft imesema itaendelea kuihudumia mpaka angalau mwaka 2029. Udhaifu wake mkubwa kwangu ni faili la PST, lile inamohifadhi barua kwenye diski. Katika matoleo ya kabla ya 2003 faili hilo likifika GB 2 lilikuwa linaharibika, na kuna ofisi zilizogundua hivyo siku ya kufunga mahesabu. Siku hizi kikomo ni GB 50, lakini faili moja la GB 40 lenye barua zote za kampuni bado ni la kukosesha usingizi. Microsoft ilichapisha maelezo ya muundo wake mwaka 2010, hivyo zipo zana za watu wengine za kulisoma. Kwa mtu wa kawaida, hata hivyo, PST bila Outlook ni faili lisilofunguka. Jambo jingine dogo linalowaponza watu: kwenye akaunti za Exchange, Outlook hupangiwa ihifadhi kwenye diski barua za mwezi mmoja, miezi sita, mwaka na kadhalika, na mara nyingi imeachwa kwenye mwaka mmoja. Mtandao ukikatika, barua ya miaka mitatu iliyopita haipo. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, usogeze kile kidude mpaka mwisho, ukiwa kwenye mtandao wa ofisi na si kwenye bando lako.

Outlook mpya siitetei, walau kwa yule ambaye akaunti yake haiko kwa Microsoft. Ukiweka humo akaunti ya kampuni yako iliyo kwenye seva ya kupanga, programu haiendi kwenye seva hiyo moja kwa moja kama ilivyozoeleka. Jina la akaunti na nywila vinapelekwa Microsoft, kisha seva za Microsoft ndizo zinazokwenda kuchukua barua zako, kutunza nakala, na kukuonyesha. Jarida la kompyuta la Ujerumani, c't, lilionyesha hilo mwezi Novemba 2023. Microsoft yenyewe haikatai: inapounganisha akaunti hutoa tangazo la kwamba barua zitasawazishwa na wingu lake. Ni tangazo ambalo mtu mwenye haraka halisomi. Asiyelipia anaonyeshwa matangazo ya biashara katikati ya barua zake, na mafaili ya PST, ambayo mwanzoni haikuweza kuyafungua kabisa, imekuwa ikijifunza kuyasoma kidogo kidogo.

Mtu atasema, Microsoft si mwizi, hao wana ulinzi kuliko seva yetu ya kupanga. Inawezekana kabisa. Lakini zahanati inayopokea majibu ya vipimo kwa barua pepe, au wakili mwenye nyaraka za mteja, imepeleka taarifa za watu nje ya nchi kwa kampuni ya tatu bila kuamua kufanya hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote mbili zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya mipaka. Meneja akiulizwa, “nilibofya kilichotokea” haliwezi kuwa jibu.

Ninayoiweka kwenye kompyuta za watu ni Thunderbird. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004 kutoka Mozilla, wale wa Firefox. (Mwezi huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tulikuwa na hamu kubwa wakati ule, na sijui iliishia wapi, maana menyu za Thunderbird zenyewe hutazipata kwa Kiswahili hadi leo, wakati Gmail kwenye kivinjari unazipata.) Mwaka 2012 Mozilla ilitangaza kupunguza nguvu kwenye programu hiyo, na kwa miaka kadhaa ikaonekana inakwenda njia ya Eudora. Ilipona kwa michango ya watumiaji. Tangu 2020 inaendeshwa na MZLA, kampuni tanzu ya Wakfu wa Mozilla, na mwaka 2023 watumiaji walichanga zaidi ya dola milioni 8. Kwa programu isiyouza matangazo wala taarifa za watu, hilo linaeleza ni nani bosi wake.

Sababu yangu kuu lakini iko kwenye diski. Thunderbird inahifadhi barua kwa mbox, mtindo uleule uliowaokoa wa Eudora. Profaili nzima, yaani akaunti, folda, barua na mipangilio, ni folda moja unayoweza kuinakili kwenye diski ya nje, kuipeleka kwenye kompyuta nyingine, iwe ya Windows au Linux, na kuendelea ulipoishia. Nywila inakwenda kwenye seva yako na si kwingine. Unaweza kuiambia isishushe barua za zaidi ya siku thelathini, au isishushe zile kubwa mpaka uziombe, na kwa mtu wa bando hiyo ni pesa. Picha zilizomo kwenye barua na zinazoletwa kutoka mbali imezizuia tangu mwanzo, jambo linalookoa bando na pia kumnyima mtumaji wa matangazo taarifa kwamba umefungua barua yake.

Haina uzuri mwingi, na sitajifanya sioni. Sura yake ilikaa kama ya mwaka 2006 mpaka toleo la 115 la mwaka 2023 lilipoipangua, na hata sasa ukiifungua mara ya kwanza ina vitu vingi mno. Utafutaji wake una njia mbili zisizoleta majibu sawa. Programu jalizi, zile ndogo za nyongeza, zinaharibika toleo kubwa likibadilika. Ukifuta barua haipunguzi ukubwa wa faili mpaka “ibane” folda, na kama diski imejaa kazi hiyo inakwama. Na kwa ofisi ya Exchange ilichelewa sana: ni toleo la 145, Novemba 2025, ndilo lililoleta uwezo wa Exchange bila programu jalizi, tena kwa barua tu, kalenda na orodha ya anwani zikiachwa nyuma. Aliye na mikutano sita kwa siku kwenye kalenda ya kampuni simshauri ahamie.

Kwa nyingine nitapita haraka. Mwenye Mac abaki na Mail ya Apple. Ni nzuri, inaheshimu IMAP, na tangu 2021 inaficha anwani yako ya mtandao kwa wanaofuatilia. eM Client, ya Jamhuri ya Cheki, inaielewa Exchange na ina sura safi, lakini bure ni kwa akaunti mbili na kwa matumizi binafsi; ofisi inatakiwa kulipia. Iliinunua Postbox, programu nyingine ya barua, mwaka 2024 na Postbox ikafa, kwa hiyo waliokuwa wamelipia Postbox wamejifunza kwamba kulipia hakuzuii programu kufa. Kwenye Linux ipo Evolution, inayoishi vizuri na Exchange.

Kuna watakaosoma hadi hapa wakasema: mimi nina Office yangu ya 2010, inatosha. Nazungumzia ile iliyochakachuliwa, iliyowekwa na kijana wa dukani kwa elfu kumi. Mambo mawili yamebadilika. La kwanza, tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kupokea jina na nywila tupu kutoka kwa programu za barua kwenye akaunti za binafsi, na Microsoft ikafanya hivyo kwa Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Sasa programu inatakiwa ikufungulie ukurasa wa mtoa huduma, uingie huko, ipewe kibali. Outlook ya 2010 haijui njia hiyo. Kwa Gmail unaweza kuzunguka kwa kutengeneza nywila maalumu ya programu, kwa Outlook.com huwezi. Wengi walioambiwa “nywila si sahihi” na kuibadilisha mara kumi walikuwa wanagonga ukuta huo.

La pili ni usalama. Machi 2023 Microsoft iliziba tundu katika Outlook ya Windows ambalo lilikuwa likitumiwa na wadukuzi. Mdukuzi alituma barua yenye kikumbusho kilichoelekeza sauti ya kengele ichukuliwe kutoka kwenye seva yake. Outlook ilipoipokea tu, kabla mtu hajaifungua, ilikwenda kuifuata sauti hiyo na kujitambulisha kwa taarifa za kuingilia za mwenye kompyuta. Mwenye leseni ya toleo lililokuwa bado linahudumiwa alipata kiraka. Mwenye iliyochakachuliwa, aliyezima masasisho ili isije ikagundulika, bado yuko wazi. Ukishindwa kulipia Office, tumia LibreOffice kwa kazi za Office na Thunderbird kwa barua, zote za bure na halali.

Nimalizie na swali la kuchanganya kazi na binafsi, ambalo kila anayetaka programu moja kwa vyote ataliuliza. Kiufundi zote zinaweza. Mimi nashauri zitenganishwe hata ndani ya programu ileile. Programu hukumbuka anwani na kukujazia: unaandika herufi tatu za jina la Neema wa benki, inakuletea Neema shemeji yako, na ofa ya bei imekwenda kwenye kikundi cha harusi. Au unamjibu mteja na barua inatoka na ile anwani ya utani uliyoifungua kidato cha tatu. Zaidi ya aibu, kuna siku ya kuondoka kazini. Mwajiri anayo haki ya kutaka barua za akaunti yake zibaki, na wewe unayo haki ya kwamba asipekue zako. Zikiwa kwenye faili moja la PST ndani ya kompyuta ya kampuni, mtagombana. Thunderbird inaruhusu profaili mbili, kila moja na folda yake, nywila zake na orodha yake ya anwani. Unaifungua ya kazi asubuhi na ya nyumbani jioni. Anayetumia Outlook kazini kwa sababu ya Exchange aiache ya kazi tu, binafsi aiweke kwenye programu nyingine.

Mpangilio mmoja uguswe siku hiyohiyo ya kuunganisha. Programu hizi hupenda kuonyesha jina la mtumaji na kuficha anwani. Wezi wa ankara wanaishi humo: wanaandika kwa jina la msambazaji wako, anwani ikitofautiana kwa herufi moja, wakisema akaunti ya benki imebadilika, malipo yaende huku. Thunderbird ina alama ya kuonyesha jina pekee kwa watu walio kwenye orodha yako ya anwani. Iondoe, ili anwani kamili ionekane kila mara. Mhasibu ndiye wa kwanza kufanyiwa hivyo, kabla hata ya mkurugenzi.

Anayehama kutoka Outlook yenye PST, njia isiyo na maumivu ni kupitia seva. Akaunti ikiwa kwa IMAP pande zote mbili, unaburuta folda za zamani ndani ya Outlook kutoka PST kwenda kwenye akaunti, mwaka mmoja mmoja ili usijaze nafasi. Unasubiri zipande, unazishusha kwa Thunderbird kwenda kwenye folda za ndani, unahesabu kama idadi inalingana, ndipo unaziondoa kwenye seva na kuleta mwaka mwingine. Inachukua jioni kadhaa na inahitaji mtandao wa ofisi usiohesabiwa kwa MB. PST yenyewe usiifute hata baada ya kumaliza. Iweke kwenye diski ya nje. Na unaponakili profaili ya Thunderbird kwenye diski hiyo, hakikisha programu imefungwa, maana faili linaloandikwa huku linanakiliwa linaweza kutoka na kasoro ambayo hutaiona mpaka siku ya kulihitaji.